Miaka Sita Nikiwa Miguu ya Nyuma ya Mheshimiwa

Mwenzenu niliajiriwa miaka sita nikiwa makalio ya farasi.

Usirudi juu kusoma tena. Umesoma vizuri.

Sikuwa mchunga farasi, wala mpanda farasi, wala fundi wa kwato. Nilikuwa makalio. Miguu miwili ya nyuma, mkia, na nusu ya tumbo. Nusu ya mbele ilikuwa na mwenyewe, nitamfikia.

Na siku daktari wa akili alipokuja bandani kumpima mwenye farasi, mimi nikiwa nimeinama humo ndani, nilisikia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka njiani nacheka peke yangu, watu wananipisha.

Sasa kaa vizuri.

Bosi wangu alikuwa yule mchekeshaji wa zamani. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na redio nyumbani anaijua sauti yake. Sisi tulimwita Mkongwe, na jina alilipenda.

Ukimjua Mkongwe unajua na habari zake na farasi. Mashati yake yana farasi. Kengele ya mlangoni kwake inalia mlio wa farasi. Sebuleni ukikaa umezungukwa na farasi wa mbao, farasi wa shaba, farasi waliofumwa kwenye mito ya makochi. Mtangazaji mmoja aliwahi kumuuliza, "Mke na farasi, unampenda nani zaidi?"

Akajibu, "Mke wangu anasikiliza redio saa hizi. Uliza lingine."

Mapenzi hayo hayakuwa ya kuigiza, jamani. Mama yake alikuwa mfuaji kwenye uwanja wa mbio za farasi, anafua yale matandiko ya mgongoni. Mtoto akalelewa bandani. Alijua kulia kama farasi kabla hajajua kusema shikamoo, na akilia, farasi walikuwa wanamjibu. Mlio huo ndio uliompeleka jukwaani. Ndio uliomjengea nyumba.

Alipozishika hela za kwanza za maana, hakununua gari. Alinunua farasi wa kweli.

Wiki haikuisha. Uso ukavimba, macho yakaziba, pumzi ikagoma. Akakimbizwa hospitali. Daktari akamwambia ni mzio, umekuja ukubwani, mwili wako na manyoya ya farasi sasa haviwezi kukaa pamoja. Chagua farasi au uhai.

Wanasema alimrudisha yule farasi mwenyewe, kajifunga kitambaa puani, anampungia mkono kwa mbali huku analia.

Ndipo akashonewa Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa farasi wa kitambaa. Ngozi ya mablanketi ya kahawia, kichwa cha sponji ngumu, nywele za shingoni za nyuzi za kufumia sweta, macho yanayopepesa ukivuta kamba. Zipu tumboni. Ndani watu wawili: wa mbele amesimama wima, wa nyuma ameinama, amemshika wa mbele kiunoni.

Kila Jumamosi Mkongwe alikuwa anaingia jukwaani na Mheshimiwa, ukumbi mzima unasimama.

Kazi hiyo niliipataje? Nilikwenda kuomba kazi ya kupanga viti ukumbini. Meneja akanitazama miguu, akasema, "Hebu geuka."

Nikageuka.

"Tumempata," akamwambia mwenzake.

Wa mbele tulimwita Kichwa. Huyu bwana alisomea uigizaji, na hakukubali siku moja ipite bila kukukumbusha. Alikuwa anasema mbele ya farasi kunataka elimu, nyuma kunataka magoti tu. Sheria yake kubwa: ndani ya ngozi hakuna kuongea. Kwa hiyo tuliongea kwa mkanda wake wa suruali. Nikiuvuta mara moja, nimechoka. Mara mbili, mguu umekufa ganzi. Nikiuvuta kwa hasira, amekula maharage, na anajua nani anakaa nyuma yake.

Tukaenda hivyo, mpaka ukumbi ukauzwa. Mwenye jengo alitaka kuweka duka la magodoro.

Onyesho la mwisho watu walilia. Pazia likafungwa. Sisi bado tumo ndani, tukamsikia Mkongwe anakuja. Akamkumbatia Mheshimiwa shingoni, akasema kwa sauti iliyokatika, "Usijali, mwanangu. Sikuachi hapa. Twende nyumbani."

Nikavuta mkanda mara tatu. Hatukuwa na ishara ya mara tatu. Nilitaka kusema, sasa tunafanyaje?

Kichwa akavunja sheria yake mwenyewe, akanong'ona, "Mzee ameshachanganyikiwa. Tukitoka sasa hivi atakufa hapahapa."

Basi tukapanda pikapu na ngozi yetu.

Kufika kwake tukatembea mpaka stoo ya nyuma ya nyumba, tukasimama kwenye kona. Mkongwe akasimama mlangoni anatutazama muda mrefu. Halafu akaondoka taratibu.

Kesho yake mafundi wakaanza kujenga banda.

Na mishahara ikaendelea. Na sisi tukaendelea. Kila asubuhi tunaingia kwa mlango wa uani, tunavaa, tunasimama. Mkongwe anakuja na brashi, anamsugua Mheshimiwa mgongo, anamtembeza uani, anamwimbia. Akitukuta nje ya ngozi sisi ni vijana wa banda.

"Vijana, Mheshimiwa ameamkaje?"

"Salama kabisa, mzee. Ila jana alikuwa na mafua kidogo."

Mafua nilikuwa nayo mimi.

Nyasi kavu zikaletwa. Sasa nani atakula? Tukawa tunamrushia beberu wa jirani juu ya ukuta. Beberu akanenepa mpaka jirani akamwita mtaalamu aje amtazame.

Siku moja Mkongwe akaingia tukiwa nje ya ngozi, akatazama sakafu, akasema, "Lo! Banda safi hili."

Nikamtazama Kichwa. Kichwa akanitazama. Tukaelewana kwamba tumekamatwa. Farasi gani anakula kila siku na sakafu inang'aa?

Kuanzia siku hiyo, Kichwa, msomi wa uigizaji, akawa anapita kwa mfugaji wa ng'ombe na ndoo. Anakuja, anamwaga, anapangapanga kwa kijiti, anarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake.

"Lazima iwe na ukweli," anasema.

Mkongwe akija anatazama pale chini, anavuta pumzi, anasema, "Haya. Tumbo liko sawa." Sisi ndani tunapumua.

Usicheke. Kuna siku hakukuwa na hamu ya kucheka.

Mke wa Mkongwe alipofariki, yeye akaanza kukaa bandani asubuhi nzima. Anavuta kigoda, anaegemea ubavu wa Mheshimiwa, anaongea. Anasema jana amesahau maneno ya wimbo wake mwenyewe. Anasema binti yake hampigii simu, na akipiga anauliza tu kama amemeza dawa. Anasema nyumba imekuwa kubwa.

Mimi nimeinama gizani humo nasikia kila neno. Nilikuwa nalia. Na ndani ya farasi huwezi kujifuta, mikono yote imeshika kiuno cha mtu. Machozi yalikuwa yanaishia kwenye shati la Kichwa, na siku nyingine mgongo wake nao ulikuwa unatetemeka, ila ukimuuliza baadaye anasema alikuwa anafanya mazoezi ya misuli.

Nyumbani kwangu nako hakukaliki.

Mwalimu wa shule alimwita mke wangu. Darasani wameulizwa kazi za wazazi wao, binti yetu kasimama kwa kujiamini, kasema, "Baba yangu ni farasi. Ila nyuma tu."

Mke wangu siku hiyo hakuongea na mimi mpaka sahani zilipoisha kuoshwa. Kisha akaja na habari ya kaka yake. Shemeji alikuwa na karakana ya makochi mji mwingine, anataka msimamizi, mtu wa kuaminika. Nafasi ananishikia mimi mpaka mwisho wa mwezi.

"Siwezi," nikamwambia. "Nikiondoka mzee atakufa. Farasi hawezi kubaki na upande wa mbele peke yake."

"Na mimi je? Mgongo wako ukiutazama asubuhi unauona? Unatembea umepinda hata ukiwa unakwenda kuoga!"

"Mama watoto, elewa. Yule mzee anaamini."

"Basi baki na mzee wako," akasema, akaenda kulala kwa watoto.

Mambo yakiwa hivyo ndipo Binti wa Mkongwe akaja.

Binti alikuwa mkubwa kwenye kampuni ya bima, mtu wa kutazama saa wakati unamsalimia. Alikuwa hajafika kwa baba yake tangu msiba. Akasikia kelele uani, akatoka kutazama, akamkuta baba yake mzazi anaimbia mablanketi.

Akasimama pale mpaka wimbo ukaisha.

"Baba," akasema, "hii ni nini?"

"Si unamkumbuka Mheshimiwa?"

"Namkumbuka wa jukwaani. Nauliza huyu wa hapa, anafanya nini hapa?"

"Anaishi hapa."

Binti akainama, akatazama miguu yetu ya nyuma. Viatu vyangu siku hiyo vilikuwa ndala. Nikafumba macho, utafikiri kufumba macho kungemfanya asinione.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake akaja kumwambia baba yake taratibu, sisi tukiwa tumesimama kama samani, "Alhamisi anakuja daktari. Daktari wa akili, baba. Atakuuliza maswali mbele ya huyo farasi wako. Akisema hujiwezi, nyumba tunafunga, unahamia nyumba ya wazee. Chumba nimeshakiona."

Mkongwe akauliza, "Kina dirisha?"

"Kina."

"Linatazama wapi?"

"Maegesho ya magari."

Mkono wake ulikuwa shingoni kwa Mheshimiwa. Nikausikia unashuka mpaka kifuani, pale penye kifua cha Kichwa, ukakaa hapo.

Huyu mtu amechekesha nchi nzima, sasa akatazame magari yanavyorudi nyuma?

Jioni Kichwa na mimi tukabishana huku tunavua.

"Hesabu ni rahisi," nikasema. "Ataulizwa huyu ni nini. Atasema farasi. Akisema farasi, kwisha habari yake. Tutoke sasa, tumwambie daktari sisi ndio tuliomdanganya."

"Umvue mzee ndoto yake mbele ya watu?" Kichwa akanijia juu. "Ya miaka yote? Utamuua kwa aibu!"

"Na nyumba ya wazee itamwongezea maisha?"

"Tutaigiza vizuri zaidi. Tutakuwa farasi mpaka daktari mwenyewe aamini."

Nikamtazama kuona kama yuko timamu. Alikuwa timamu kabisa, ndilo tatizo. Nikajibu sawa. Moyoni nikasema, akiulizwa tu, mimi nafungua zipu.

Alhamisi ikafika. Kichwa alikuwa ameamka mapema kumchana Mheshimiwa. Ndoo ya mfugaji ilimwagwa mara mbili, kwa heshima ya mgeni.

Daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani, mkoba mkubwa, sauti ya pole. Akamwamkia Mkongwe, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye mtihani wangu."

Akamuuliza leo ni siku gani. Akajibu. Akamuuliza umri. Akajibu, "Wa kweli au wa magazetini?" Daktari akacheka. Binti hakucheka, alikuwa amesimama mlangoni anauminya mkoba wake.

"Sasa nitambulishe kwa rafiki yako," daktari akasema.

Hatua zikasogea. Nikaona viatu vyake vyeusi kupitia upenyo wa tumboni. Jasho likanitiririka mpaka puani.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Mheshimiwa."

"Na Mheshimiwa ni nini?"

Mkongwe akavuta pumzi kujibu. Nikasema sasa. Mkono mmoja nikauachia kiuno cha Kichwa, nikaupeleka kwenye zipu.

Kichwa akajua. Miaka yote hiyo mgongo wake ulikuwa unanisoma kuliko mke wangu. Akausukuma mkono wangu, akaanza kukimbia mbele.

Mimi nikavuta nyuma.

Yeye mbele, mimi nyuma. Mheshimiwa akarefuka. Nasikia daktari anasema, "Huyu anakua!" Mishono ikaanza kulia, moja, mbili, halafu tumbo lote likachanika kwa kishindo.

Kichwa akatoka mbio na shingo na miguu ya mbele, akaenda kugonga ukuta. Mimi nikakaa chini na makalio yangu na mkia, juu ya kazi ya sanaa ya Kichwa, kichwa changu kimechomoza hewani, uso kwa uso na daktari.

Nikasema, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba," akasema, hakupepesa jicho.

Nikaanza kumwaga maneno. "Daktari, mzee hana kosa! Ni sisi! Ni sisi tuliomdanganya, yeye alikuwa hajui, msimpeleke popote, nipelekeni mimi!" Huku namtazama Mkongwe, nangoja aanguke. Nilijiandaa kumdaka.

Hakuanguka. Alikuwa ananitazama kwa aibu, uso wa mtu aliyemfungulia mwenzake mlango wa bafuni kwa bahati mbaya.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hujaumia goti? Lile la kushoto?"

Goti langu la kushoto amelijuaje?

Kutoka ukutani, ndani ya kichwa cha farasi, ikatoka sauti nene: "Mzee... kumbe ulikuwa unajua?"

Daktari alimrukia Binti kwa hofu. Mimi kutokea makalioni hakukumshtua, lakini farasi kuongea, hapana.

"Kujua nini?" Mkongwe akauliza. "Kwamba mpo humo? Wanangu, mimi nimelelewa bandani! Nilikuwa nalipa mishahara ya nani? Nilikuwa namwachia farasi bahasha?"

"Sasa ile siku ya mwisho ukumbini," nikasema, "si ulimwambia twende nyumbani?"

"Nilikuwa naiaga ngozi! Nilitaka kuikunja niiweke kabatini! Nageuka, naona ngozi inapanda pikapu yenyewe!"

Binti akakaa kwenye kigoda.

"Nikasema labda wanatania, watashuka njiani. Hamkushuka. Mkafika kwangu, mkaingia stoo, mkasimama kwenye kona mnatazama ukuta." Sauti yake ikaanza kulegea. "Nikasimama pale mlangoni nikawatazama, nikasema, masikini, hawa vijana ukumbi umewauma kuliko mimi. Akili zao zimeondoka. Nikiwaambia tokeni, watavunjika. Ndiyo nikajenga banda."

"Baba," Binti akasema, "ulijenga banda kwa ajili yao?"

"Ningefanyaje? Ningewafukuza?"

"Na mavi?" Kichwa akauliza. Ameshavua kichwa cha sponji sasa, nywele zimesimama, macho mekundu. "Mzee, na mavi je?"

"Eh, hayo sasa!" Mkongwe akapiga makofi. "Mimi niliingia siku moja nikawasifu, nikasema banda safi. Nilikuwa nawasifu! Kesho yake naletewa mavi! Tena ya ng'ombe! Mtu aliyelala na farasi tangu utotoni unamwekea mavi ya ng'ombe kila siku, nikasema hali inazidi kuwa mbaya, usiwapinge, wasifie tu."

Kichwa akakaa chini. Sidhani kama kuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo. Si kudanganyana kwa miaka yote hiyo. Ni kwamba mavi hayakuwa na ukweli.

"Na ulivyokuwa unakaa hapa unatuambia mambo yako," nikasema polepole, "ya mke wako, na ya nyimbo, na ya..." Nikamtazama Binti, nikaishia hapo.

Mkongwe akaokota kipande cha blanketi, akakikunja.

"Hapo nisiseme uongo," akasema. "Nilijiambia nawahurumia ninyi. Lakini nilikuwa na upweke. Nilijua mnasikiliza. Nilikuwa nasikia unavyovuta makamasi huko nyuma. Nani mwingine alikuwa ananisikiliza asubuhi nzima bila kutazama saa?"

Binti alikuwa ametazama saa yake wakati huohuo. Nadhani ni mazoea tu. Akaushusha mkono haraka, akaufunika kwa mkono mwingine, akaanza kulia pale kwenye kigoda bila sauti.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee wangu hana tatizo lolote," akasema. Kisha akafungua kalamu, akanigeukia mimi. "Sasa ninyi wawili. Tangu lini mnajisikia kuwa farasi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mna ndugu wa karibu ninayeweza kuongea naye?"

Wallahi, mke wangu alipigiwa simu. Na alipoulizwa kama ameona dalili zozote kwa mumewe, akajibu kila kitu, na goti, na ndala, na shule.

Daktari alitukalisha mpaka mchana. Mwisho akatuachia, kwa sharti kwamba kila mmoja atafute kazi anayoweza kuifanya akiwa amesimama wima.

Nikampigia shemeji. Nafasi bado ilikuwepo.

Nikarudi kwa Mkongwe kuaga. Nilikuta Binti yupo, amehamia chumba cha wageni, anabishana na baba yake kuhusu chumvi. Kichwa naye yupo, ameshamshona Mheshimiwa tumbo, mshono umepinda lakini umeshika. Yeye alikuwa amepata kazi ya kufundisha watoto maigizo, na tayari alikuwa ameshawachosha.

Nikamwambia Mkongwe nasafiri. Akanishika mkono na mikono yake miwili, hakuuachia.

"Kabla hujaenda," akasema, "niombe kitu?"

"Sema, mzee."

"Nataka kuingia."

"Kuingia wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Maisha yangu yote nimewapenda farasi kwa nje. Nimewapapasa, nimewalisha, nimewaimbia, mwisho hata kuwagusa nikakatazwa. Kuwa farasi, sijawahi hata siku moja."

"Baba, mgongo!" Binti akadakia.

"Mgongo ni wangu."

Kichwa akaanza kumkabidhi kile kichwa cha sponji kwa unyenyekevu. Mkongwe akakirudisha.

"Hapana. Mbele nimekaa miaka yote. Nipe nyuma."

Basi akainama, akashika kiuno cha Kichwa, na mimi nikafunga zipu kwa mkono wangu. Nikasogea kando.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu. Mimi Mheshimiwa nilikuwa sijawahi kumwona. Tangu siku niliyoajiriwa mpaka siku hiyo, nilikuwa sijawahi kumwona anatembea. Ningemwonea wapi? Nilikuwa ndani.

Alikuwa farasi mbaya, nisikudanganye. Tumbo limelegea, miguu ya nyuma inakwenda upande wake, mkia umepinda. Akatoka bandani akaingia uani kwenye jua, akayumba, akasimama, akapiga teke moja dogo la furaha kwa nyuma. Halafu akalia. Ule mlio wenyewe, ule wa redioni, ukatoka kwenye makalio.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilikuwa nimeshamfuata. Sijui niliondoka lini pale niliposimama. Nikajikuta nimeweka mkono kwenye shingo yake, nampapasa zile nyuzi za sweta, nasema, "Taratibu, Mheshimiwa. Taratibu, baba. Nipo hapa."

Nikamwambia kwamba nasafiri. Nikamwambia naogopa hiyo kazi mpya. Nikamwambia nitamkumbuka. Farasi akasimama kimya, ananisikiliza, na sikutaka kujua nani yumo ndani.

Funzo nililolipata ni hili. Kama kuna mtu unambeba kwa sababu unaamini ukimwachia ataanguka, mkalishe chini umuulize, leo. Inawezekana naye amekubeba kwa sababu hiyohiyo, na mgongo wake unauma kuliko wako. Na akikujibu kwamba hahitaji kubebwa, usiondoke haraka. Kaa naye bure.